Utepe wa Kisima cha Viboko

Usiku wa jana, na wala sikulala na maharage tumboni, niliota tunazindua kisima cha viboko na wageni waalikwa ni viboko wenyewe.

Nieleze kwanza, msije mkadhani nimechanganyikiwa. Mimi ni mkurugenzi wa Marafiki wa Lwamboza, shirika linalochangisha fedha za kuisaidia hifadhi ya taifa ya huko kwetu. Kisima tumeshachimba. Pampu ipo, bomba limefika mpaka bwawani, na bwawa lenyewe limebaki tope. Lakini koki tumeifunga utepe wa buluu, kwa sababu mgeni rasmi hajaja kuzindua, na mradi usiozinduliwa hautumiki. Ameahirisha mara mbili. Viboko wamelala topeni wanakauka migongo, na mimi nawaandikia wafadhili kwamba mambo yanakwenda vizuri.

Basi, ndotoni turubai limefungwa, viti vimevalishwa vitambaa vyeupe, na kila kiti kimekaliwa na kiboko. Vilihimilije, msiniulize. Meza kuu ina chupa za maji ya baridi, zinatoa jasho, na hakuna anayezigusa kwa kuwa mwenye meza hajafika.

"Shikamoo," nikamwamkia kiboko wa mbele, bibi kizee mwenye ndevu mbili tatu kidevuni.

"Marahaba, mwanangu. Leo tutakunywa?"

"Tunamsubiri mgeni rasmi, bibi."

"Haya."

Ubavuni kwake amelala ndama, mjukuu wake, midomo imepasuka kwa ukavu. Hata kulia halii. Moyo uliniuma, jamani. Lakini ratiba ni ratiba.

Kipaza sauti kinakohoa. Hakuna aliyekishika. "Itifaki kwanza," kinasema. "Bila kumtambua kila aliyehudhuria, hatuendi popote." Kinaanza na viboko, kinakwenda kwa tembo, kinashuka kwa kobe na ngiri, kisha kinaingia kwenye mchwa, mmoja mmoja, kwa jina na ukoo.

"Si useme tu itifaki imezingatiwa?" nikakinong'oneza.

"Haijazingatiwa. Nimemtaja Mchwa Kibwana Mdogo kabla ya kaka yake. Ni utovu wa adabu. Naanza upya."

Na kweli kikaanza upya, na viboko wakapiga makofi ya ukakamavu, matatu, kama walivyoelekezwa.

Nikampigia simu mgeni rasmi. "Niko njiani," akasema. "Nipo hapa karibu kabisa, hata vumbi lenu naliona." Nikainua pazia la turubai nitazame barabarani, nikajikuta nimesimama chumbani kwake.

Mgeni rasmi ni suti. Suti tupu, nyeusi, haina kichwa wala mikono, imejilaza kitandani inajipiga pasi yenyewe. Simu imeishika kwa ncha ya koti.

"Niko njiani," ikaniambia tena, safari hii uso kwa kola.

"Mheshimiwa, uko kitandani."

"Kwani njia inaanzia wapi, mkurugenzi? Pasi haijashika moto."

"Kuna mtoto anakufa kwa kiu."

"Yumo kwenye ratiba?"

"Hayumo."

"Sasa nimkomboeje mtu asiye kwenye ratiba?" Ikageuka upande wa pili ili ijinyooshe mgongo. "Halafu usinitolee macho. Mimi hata hiyo koki sijawahi kuiona. Aliyeifunga ni wewe."

Nilitaka kuizaba kibao, lakini shavu liko wapi? Hasira zilinipanda, na chini ya hasira kulikuwa na aibu, maana suti ilisema kweli. Nikafungua kabati nitoke. Nikatokea bwawani.

Jua linawaka. Kipaza sauti kimefika kwa mchwa wa kichuguu cha pili. Bibi kiboko anampepea mjukuu wake kwa karatasi ya ratiba, na mjukuu hafumbui macho. Pale kwenye koki, juu ya sinia lenye kitambaa cha kufumwa, umelala mkasi.

Nikaushika. Ukabana miguu.

"Wewe nani?" ukauliza.

"Mkurugenzi."

"Mimi nakatia wageni rasmi tu. Nimeletwa kwa kazi hiyo."

"Mkasi, tafadhali. Mtoto yule pale."

"Nimemwona. Nasikitika sana. Nitashiriki mazishi."

Hapo ndipo uvumilivu uliponiishia. Nikautupa mkasi topeni, nikapiga magoti mbele ya wafadhili, mbele ya kamati nzima, sijui walitokea wapi, nikauma utepe kwa meno. Ulikuwa mgumu balaa, kama nyama ya jogoo mzee. Natafuna. Navuta. Natafuna tena, gauni la sherehe limejaa tope, kilemba kimenitoka.

"Itifaki!" kipaza sauti kinapiga kelele. "Mama huyu hana idhini! Itifaki, mabibi na ma—"

Bibi kiboko akanyanyuka taratibu, akakimeza. Tulikisikia tumboni mwake kikiendelea kuwataja mchwa, kwa mbali.

"Itifaki imezingatiwa," akasema bibi, akapangusa ndevu. "Malizia, mwanangu."

Nikatia nguvu zote za taya. Utepe ukakatika, nami nikaamka.

Jua lilikuwa limeshachomoza. Sikunawa uso wala sikutafuta kanga. Nikampigia Ndelwa, mhifadhi anayelinda bwawa.

"Ndelwa, fungua koki. Usimsubiri mtu yeyote. Lawama nitabeba mimi."

"Mama, maji yanatoka tangu alfajiri. Nilidhani umetuma mtu."

"Na yule ndama? Yule aliyekuwa amelala tu?"

"Yumo majini na bibi yake. Yanaonekana masikio tu."

Nikakaa kitandani, nikalia kwa furaha kama mtu aliyefiwa.

"Ila kuna jambo, Mama," Ndelwa akaendelea, sauti ameishusha. "Utepe haukukatwa. Umetafunwa. Na ofisi ya mgeni rasmi wamepiga, wanasema yuko njiani. Nitawaambia nini? Mimi nadhani ni fisi."

"Waambie ni fisi," nikasema, huku nikichokonoa uzi wa buluu katikati ya meno.