Zamu ya Kocha

Kila mwaka, ligi ikikaribia kuanza, wanaume saba walikutana saluni kwa kinyozi kugawana wachezaji. Mchezo wao haukuwa mgumu. Unachagua kwa zamu wachezaji wa kweli wa ligi, aliyeshachukuliwa haguswi na mwingine, na msimu mzima wanachofanya uwanjani kinageuka pointi zako. Mshindi hakupata kitu ila ruhusa ya kuwatania wenzake mpaka mwaka mwingine.

Mara nyingi mshindi alikuwa Kocha. Hakuwahi kufundisha timu. Alikuwa fundi bomba. Jina hilo alipewa kwa sababu ulimi wake haukuwa na breki. Aliwamwagia wapinzani mbinu zake zote, kisha akawashinda kwa hizo hizo.

"Kipa muache mwisho," alimwambia kinyozi. "Makipa hawapishani sana. Kimbilia mpiga penalti."

Muuza vioo, mwenzao mwingine, naye aliambiwa lake: "Usimfuate aliyefunga sana mwaka jana. Sasa kila beki anamjua. Na usichague kwa moyo, bwana. Hapa hatutafuti mchumba."

Mke wa Kocha, mshona nguo, aliyajua maneno hayo kama alivyoujua mlio wa cherehani yake. Ndiyo maana aliogopa yalipoanza kupungua. Kwanza Kocha alisahau koki aliyokuwa akiitengeneza. Kisha akapotea njia ya nyumbani, katika mtaa aliozaliwa. Daktari hakuzunguka mbuyu: kumbukumbu zinaondoka, na hazitarudi.

Mwaka huo kinyozi alikuja mwenyewe, akasimama mlangoni akipangusa mikono isiyo na uchafu.

"Shemeji, tumeshauriana. Aje, lakini sisi tutamchagulia."

"Mkimchagulia nyinyi, atakuwa amewekwa pale kama kabati," alijibu. "Nitamleta, na atachagua mwenyewe."

Jumamosi mchana alimvalisha shati alilompigia pasi, wakaenda. Walimkalisha kwenye kiti cha kunyolea, mkewe pembeni. Kura ilipopigwa, Kocha akaangukia nafasi ya saba.

"Wa mwisho ana raha yake," akasema, sauti ile ile ya zamani. "Zamu ikigeuka kurudi nyuma, anachagua wawili mfululizo. Chukua mfungaji na anayemlisha mipira."

Saluni ikacheka kwa furaha. Muuza vioo akampiga begani. Mkewe alihisi kifua kikifunguka; kwa kitambo kidogo aliamini kwamba madaktari nao ni watu, hukosea.

Zamu ikamfikia.

"Mkasi," akasema Kocha.

Mkasi alikuwa mshambuliaji aliyetundika daluga zamani, binti yao mkubwa akiwa bado hajaanza shule. Watu wakatazama sakafu. Kinyozi akaandika.

"Mkasi ni wako. Na wa pili?"

"Mdogo wangu."

"Mdogo wako yupi, Kocha?"

"Yule winga. Ana mbio vile, na mmemwacha mpaka sasa? Mmelala nyinyi."

Mdogo huyo aligongwa na gari akafa kabla mke wa Kocha hajaolewa. Alimjua kwa picha moja tu, na katika ndoa yao yote hakuwahi kumsikia mumewe akimtaja. Kila aliyemuuliza habari zake, Kocha aliinuka akatoka chumbani.

"Lakini sheria inasema lazima awe kwenye ligi," muuza vioo alinong'ona.

"Sheria niliitunga mimi," kinyozi alisema, akaandika.

Ndipo mkewe akauliza, taratibu, "Baba, alikuwa anachezaje?"

Kocha akaeleza. Mguu wa kushoto, viatu vya kuazima vilivyomzidi, soksi mbili mbili ili vikae. Kila akipiga krosi, kabla hata mpira haujashuka, alikuwa anageuka kumtafuta kaka yake pembeni ya uwanja, aone kama ameiona. Saa nzima hakuna aliyedai zamu yake. Kisha Kocha akatazama mlango.

"Mbona hajafika? Alisema anakuja."

Mkewe hakuwahi kumdanganya. "Hatafika, Baba. Alishafariki. Zamani."

Akalia kama mtu aliyepokea habari asubuhi hiyo. Kinyozi alifunga mlango, wateja wasiingie, na wote wakakaa naye.

Siku zilizofuata alimuulizia tena, na tena. Mara ya pili mkewe alimwambia ukweli, akauona msiba ukianza upya usoni mwake. Hakurudia. Tangu hapo, akiulizwa yuko wapi yule winga, alisogeza kigoda na kusema, "Hebu niambie kwanza lile bao lake." Kocha akasimulia, akatulia.

Timu ya Kocha ilishika mkia msimu mzima. Kinyozi aliyasoma matokeo yake kwa heshima kama ya wengine, Mkasi sifuri, mdogo wake sifuri, na Kocha alitikisa kichwa akilaumu mabeki. Ligi ilipoelekea ukingoni hakuuliza matokeo tena. Hakuuliza hata habari za mdogo wake. Alikaa dirishani, mikono mapajani, akimwita mkewe "dada".

Jumamosi moja mkewe alimwacha na binti yao, akaenda saluni peke yake. Wanaume walimpisha kiti. Kwingineko kote watu walimuuliza mgonjwa anaendeleaje. Hapa walimuuliza timu inaendeleaje.

"Tumefungwa tena," alijibu, akavua viatu apumzishe miguu.