Leso Mbele ya Kioo

Kwaru, kwaru, kwaru. Kuku alikuwa akikwaruza karai alilofunikwa nalo jikoni, na kulikuwa bado giza. Nafuna alikuwa macho zamani.

"Tulia, mama," alimnong'oneza. "Leo tunaenda kumwona mtoto."

Alikuwa ametoka na kuku huyo kwake Bungoma, zawadi kwa binti yake Moreen aliyejifungua ng'ambo ya mpaka, mtaa wa Kabalagala. Usiku huo alikuwa amelala kwa mdogo wake, mtaa wa Nateete, na asubuhi mkwewe Sifuna, mume wa Moreen, angekuja kumchukua kwa gari. Gari hilo ndilo lililomnyima Nafuna usingizi. Lilikuwa la kwanza maishani mwa Sifuna, na Jumamosi alitaka kulitumia kumpeleka Moreen na kichanga Bungoma, wazee wamwone mtoto. Nafuna alikuwa amemwambia binti yake kwa simu bila kuzunguka: "Mjukuu wangu hapandi mpaka nipande mimi kwanza. Nikiona dereva hayuko makini, mtakuja kwa basi, naye abaki akilipangusa gari lake."

Maskini Sifuna alilijua hilo. Alifika na shati lililopigwa pasi mpaka likasimama lenyewe.

Kwao mkwe hamtazami mama mkwe usoni, wala hawasemezani moja kwa moja. Basi Sifuna alimfungulia mlango wa nyuma huku akikodolea macho nguzo ya umeme. Kitini alikuwa ameweka mto wenye foronya safi na chupa ya maji. Nafuna akaufurahia mto kimoyomoyo. Kisha akaona leso pana ya kujitanda. Ilikuwa imetundikwa kutoka upande mmoja wa gari hadi wa pili, kati ya viti vya mbele na vya nyuma, kama pazia la chumbani.

"Kuku," alisema Nafuna, maana hapakuwa na mwingine wa kupitishia maneno, "muulize mwenye gari kama ameamka salama."

"Kuku," Sifuna akajibu ng'ambo ya leso, "mwambie mama nimeamka salama, na tafadhali afunge mkanda."

Kuku hakusema kitu. Wakaondoka.

Njia nzima Nafuna aliona mananasi tu, yale yaliyochorwa kwenye leso. Hakujua kwamba Sifuna naye, kila akitupia jicho kioo cha kutazamia nyuma, aliona mananasi hayohayo. Walipofika mzunguko wa Kibuye, Sifuna akatazama mananasi, akajipa moyo, akahamia safu ya pili ya magari.

Piiii! Boda iliyobeba magodoro ilikwepa, godoro likabusu dirisha la Nafuna. Kuku akaruka, akapenya chini ya leso, akatua juu ya usukani. Sifuna akakanyaga breki.

Askari wa trafiki, Ogwang, akaja mbio.

"Wee jamaa! Hii ni gari ama chumba ya kulala?"

"Afande, nimebeba mama mkwe."

Ogwang alivua kofia, akaligeuzia gari mgongo upesi. "Kumbe! Pole, mama. Mimi pia naogopa yangu kushinda mkubwa ya stesheni. Lakini jamaa, nyuma naona na nini?"

"Naona mananasi, afande."

"Toa hiyo nguo."

"Nikiitoa nitamwona mama kwenye kioo."

"Na wewe ukiiacha, utaona Mungu!"

Sifuna akaishika leso, akaiachia, akaishika tena. Nafuna akajua kijana anaiona Jumamosi ikimponyoka. Kijana wa watu! Upumbavu wote huu ni heshima tupu. Akaitundua leso, akajifunika gubigubi, kichwa mpaka miguu.

"Kuku, mwambie mwenye gari huku nyuma hakuna mama mkwe. Kuna mzigo. Atazame kioo chake."

Ogwang alicheka mpaka akaegemea boneti. "Mzigo, mkanda iko?"

"Upo," mzigo ukajibu.

Baada ya hapo gari lilikwenda kwa adabu. Chini ya leso Nafuna alisikia taa ya kukatia kona ikigonga tik, tik kila walipopinda. Alisikia mwanamke akishukuru kwa kupishwa avuke na beseni lake. Kisha simu ya Sifuna ikalia.

"Kuku..." Nafuna alianza.

"Kuku, mwambie mama simu itangoja."

Simu ikalia mpaka ikachoka. Nafuna akatabasamu gizani, akaegemea mto, na muda si muda mzigo ukaanza kukoroma.

Walipofika Kabalagala, Moreen alitoka nje na mtoto begani. "Sifuna! Simu hupokei? Mama yuko wapi?"

"Nilikuwa kwenye usukani," alisema Sifuna, akatazama mawingu. "Na mama... ndio huo mzigo."

Nafuna akaamka, akajifunua, akampokea mjukuu wake, akamnusa shingo. Kisha akampa Sifuna mgongo, akainama kwa kuku.

"Wewe huchinjwi tena, tutasemezana na nani? Mwambie mwenye gari Jumamosi asichelewe. Na Krismasi awalete tena kunitembelea, awaendeshe hivihivi. Leso nitaitundika mwenyewe, sebuleni kwangu, si garini."