Abiria wa Cheche

Mdogo wake Cheche alipozikwa, aliyelia kuliko wote alikuwa Msafi, rafiki wa marehemu tangu utotoni. Walikuwa wamepakizana kwenye pikipiki moja iliposerereka kwenye kona ya mlimani na kutumbukia korongoni. "Alikata roho papo hapo, Mama," Msafi alimwambia mama wa marehemu. "Hakuteseka." Mama akamkumbatia, akamwita mwanangu. Mwezi haukuisha, Msafi akavuka mpaka kwenda kutafuta maisha upande wa ziwani.

Cheche alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma. Jina hilo alipewa kwa ajili ya kazi, ingawa wapo waliosema ni kwa ajili ya ulimi. Siku moja mwanamke anayekata kuni kule mlimani alimletea toroli lililokatika mhimili. Katika maongezi, ile ajali ikatajwa.

"Yule kijana hakufa siku ile," mwanamke alisema. "Nilimkuta asubuhi, mguu umevunjika, amekauka kwa baridi. Akaniuliza kama Msafi amerudi na watu. Nilimfunika kwa kanga yangu, akanifia mikononi. Niliogopa polisi, dada, ndiyo maana nilinyamaza."

Cheche alizima mashine. Kisha akaiwasha tena, akamaliza toroli la watu. Jioni alimweleza mama yake, na asubuhi akapiga pikipiki yake stati.

Ile kona aliipita bila kugeuza shingo. Mpakani afisa alimuuliza anakwenda kufanya nini. "Kumsalimia ndugu," alijibu, akagongewa muhuri. Akashuka milima, akafuata ufuko wa ziwa huku upepo ukimsukuma pembeni, akavuka kwa kivuko, akaingia nchi ya pili, kwenye mji ambao Msafi alimtajia Mama kwa simu. Viganja vilivimba, kiuno kikawa si chake. Kila alipotaka kupumzika aliikumbuka ile kanga aliyofunikwa mdogo wake, na mkono ukakaza mafuta wenyewe.

Alimkuta Msafi uwanjani, shati jeupe limenyooshwa, anafundisha watu kuendesha pikipiki.

"Mama anaumwa," Cheche alimwambia. "Anamuulizia mwanawe aliyebaki."

Msafi alifuta machozi, akafunga begi. Njia nzima alipiga soga nyuma ya mgongo wa Cheche: ziwa lilivyo zuri, dada anavyojua kukata kona. Cheche aliitika eeh, eeh.

Walifika mlimani alasiri, ukungu umeshuka na mvua inanyunya. Kwenye ile kona akasimama.

"Shuka utazame tairi la nyuma."

Msafi alichuchumaa, akalibonyeza. "Mbona lina upepo?"

"Aliuliza kama umerudi na watu."

Hakuuliza nani. Alibaki amechuchumaa, mkono juu ya tairi. "Nilikuwa nakwenda kuita watu, dada. Wallahi nilikuwa nakwenda. Nilipofika chini nikawaza, wataniuliza nani alikuwa anaendesha."

"Nani alikuwa anaendesha?"

Msafi aliondoa mkono kwenye tairi. "Mimi."

"Vua koti. Na viatu."

Alivua kama mtoto anayeamriwa kuoga. Cheche alivifunga kwenye keria.

"Dada, nitakufa huku."

"Una miguu miwili. Mwenzako hakuwa nayo."

Akaondoka. Msafi alikimbia nyuma yake pekupeku akimwita, dada, dada, mpaka sauti ikakwaruza. Cheche alipunguza mwendo. Si kwamba alimwonea huruma, alitaka kumsikia vizuri.

Kesho yake dereva wa lori la mbao alimwokota Msafi kando ya barabara, nyayo zimechanika, meno yanagongana. Alimshusha kituo cha polisi, na huko aliyasema yote kabla hajaulizwa hata jina. Habari zilipofika nyumbani, Cheche alivuta kigoda akaketi karibu na mama yake, akamsimulia safari tangu mwanzo.

"Alilia?" mama aliuliza.

"Alilia."

"Sana?"

"Sana, Mama."

Mama alijifunga kanga vizuri, akamsogelea.

"Hapo pa kulia," alisema, "hebu nieleze tena. Polepole."