Naandika Penye Kimya

Kazini kaka yangu walimwita Tisa na Nusu. Mashine ya kukatia karatasi pale kwenye kiwanda cha uchapaji ilimkata ncha ya kidole cha pete cha mkono wa kushoto, na wenzake hawakungoja hata bandeji itoke, wakampa jina. Yeye mwenyewe alilicheka. Kilichomuuma ni gitaa.

Aliendelea kulipiga hivyo hivyo. Kila jioni akirudi alinawa wino mikononi, akakaa sebuleni, akaanza wimbo wake mmoja, wa kutunga mwenyewe, usio na maneno. Kila alipofika kipande cha tatu, kile kidole kifupi kilikosa uzi na sauti moja ikapotea. "Ah!" akaguna, kisha akaendelea.

Mimi nilikuwa chumba cha pili. Ndoa yangu ilipovunjika nilirudi kwake na mkoba mmoja na midomo mirefu, akanipokea bila kuniuliza hata swali moja. Wifi yangu alinipa meza ya kupigia pasi, na ndiyo niliyoandikia. Nitasema ukweli hapa kwa kuwa palipohitajika sikuusema: sikuwahi kuanza shairi kwa neno. Nilianza kwa kumsikiliza kaka. Nilifuata gitaa lake kwa kugonga meza, nikihesabu mizani, nane kwa nane, halafu nikatandika maneno juu yake. Ile sauti ilipopotea, niliiacha ipotee, na mshororo wa tatu ukabaki na saba. Hata hadithi zangu fupi zilitoka huko. Kaka akisimama kunywa maji, nami nafunga aya. Akirudia kipande mara tano kwa hasira, mhusika wangu naye anarudi mara tano kwenye mlango wa mumewe na hathubutu kubisha.

Mhariri wa ukurasa wa mashairi gazetini alinirudishia shairi la kwanza akiwa ameandika neno moja kwa wino mwekundu: "Guni." Yaani shairi lililopungukiwa mizani, la mtu asiyejua kuhesabu. Nilinuna wiki nzima. Lakini nilipochapisha kitabu, wasomi waliishika ile saba wakaisifu kupita kiasi. Mmoja aliandika kwamba hapo ndipo msomaji anapokatika pumzi. Kichwa kikanivimba.

Redio wakaniita. Kaka alinunua betri mpya, akawaalika majirani, akavaa shati lake la kutokea utadhani ni yeye anayehojiwa. Mtangazaji akaniuliza, "Hiyo mizani moja inayokosekana, uliitoa wapi?"

Jibu lilikuwa kwenye ncha ya ulimi. Naapa lilikuwepo. Nikawaza: niseme nimeitoa kwenye kidole kilichokatwa na mashine? Si watanicheka? Nikakaa vizuri kitini, nikasema, "Mimi naandika penye kimya. Nafunga mlango, sitaki sauti yoyote. Kelele zinaniharibia."

Niliporudi nyumbani majirani walinipigia makofi, na kaka akapiga kuliko wote. Jioni ile hakushika gitaa. Nikadhani amechoka. Kesho yake vilevile. Siku ya tatu nikamuuliza wifi.

"Amelipeleka kazini, ameliweka kabatini," alisema, bila kuinua macho kwenye nguo alizokuwa akikunja. "Anasema hakujua kama anakusumbua. Miaka yote hiyo, na wewe hukulalamika hata siku moja."

Angekasirika, ningejua pa kuanzia. Hakukasirika. Alianza kunyata akipita mlangoni kwangu, jitu zima lile, na watoto wakicheka anawakemea: "Nyamazeni, shangazi yenu anaandika!" Nami sikuwa naandika kitu. Mistari ilitoka nane kwa nane, imekamilika, haina uhai. Miezi sita ikapita hivyo. Kila siku nilijiambia leo nitamweleza, kisha naona haya. Haya ya nini? Ya kuonekana mwongo. Nilimwacha kaka yangu aumie ili mimi nisionekane mwongo, na hilo sijisamehe hata leo.

Jumapili moja nilimkuta uani anapaka viatu rangi. Nikakaa kando yake, nikamsomea shairi moja huku nagonga kopo la rangi. Nilipofika mshororo wa tatu nikaiacha ile nafasi.

"Umeisikia?" nikamuuliza. "Hapo ni kidole chako. Kitabu kizima ni wewe, kaka. Siku ile redioni nilidanganya, kwa kiburi tu. Nisamehe."

Alinitazama, kisha akatabasamu kwa aibu.

"Mdogo wangu, una moyo mzuri. Nani kakwambia nina huzuni? Wifi yako?"

"Hakuna aliyeniambia. Ni kweli tupu."

"Mimi pale nilikuwa nakosea, basi. Kosa langu mimi liingie kitabuni, wasomi wakae chini walisome?" Akatikisa kichwa. "Na redioni ulisema mwenyewe, nimekusikia kwa masikio yangu haya. Acha kunibembeleza, mimi si mtoto."

Nilimwapia. Nililia mbele yake. Nikamwomba alirudishe gitaa, apige mara moja tu, nimwonyeshe mstari kwa mstari. Akasema ameshampa mwenzake wa kiwandani, mwenye vidole kumi kamili, akacheka peke yake. Kisha akaivaa miguuni ile jozi iliyokuwa haijakauka rangi, akawachukua watoto kwenda nao matembezi ili nyumba itulie nipate kuandika.

Redioni nilisema kwa nusu dakika, akaniamini. Uani nimerudi kumwambia mara nyingi tangu siku ile, na mpaka leo anadhani namhurumia.