Ongeza Taa Nyingine

Mbona unageuza uso? Ndivyo ulivyozoea. Mzee akijikwaa unalaumu zulia, akimwaga chai unakagua kikombe. Basi leo kaa utazame, maana yaliyompata Bibi Vifungo hayakutokea gizani. Yalitokea sebuleni kwa mwanawe, taa zikiwaka.

Jina hilo walimpa wateja. Alishona mashati ya watu mpaka cherehani ikamzeesha, na kwa kazi hiyo alimsomesha mwanawe hadi akawa bwana wa ofisini. Sasa macho yake yalikuwa na ukungu. Daktari alishamwambia ni mtoto wa jicho, hutolewa, ila asije peke yake. Aje na mtu wa kumrudisha nyumbani. Mtu huyo ndiye aliyekosekana. "Tumalize sebule kwanza, mama," mwanawe alisema, kwa kuwa wakubwa wake wa kazini walikuwa wamealikwa, na sebule ilikuwa na giza la aibu.

Akaletwa fundi umeme. Fundi huyu hatoboi dari kabla hajajaribu. Alifunga mapazia, akatia balbu kwenye waya mrefu, akapanda ngazi na kuining'iniza huku na huku kama mtu anayenadi kuku, akichungulia kivuli kinaangukia wapi.

"Mwanga wa jumla ndio mama wa sebule," alisema. "Lazima ufike kila kiti. Hizi taa za urembo ni mawifi tu, wanakuja baadaye kupiga umbea."

Mkwe wa bibi, mke wa mwanawe, akacheka. "Haya, tumjaribu huyo mama. Mama, hapo ulipo unaona vizuri?"

Bibi Vifungo alikuwa kwenye kiti chake karibu na mlango wa jikoni. Moyo ulimruka. Hatimaye ameulizwa.

"Sioni, mwanangu. Hata sura yako siioni."

Akangoja mtu ataje daktari.

"Umesikia, fundi?" mwanawe akasema. "Kona ile imenyimwa. Ongeza taa nyingine."

"Lakini bosi, mimi nikiwa huku juu nasoma hata kalenda iliyo nyuma yake."

"Nimekuita usome kalenda?"

Fundi akainama kutoka ngazini. Alimtazama bibi, akaona macho yaliyopauka kama maziwa yaliyotiwa maji, akaelewa. Kisha akageuza uso, kama wewe, akatoboa dari.

Balbu moja ikapata mwenzake, zikawa safu, safu ikapata ukanda wa taa wa kuizunguka. Kila bibi alipoulizwa alisema kweli ileile, na kila aliposema kweli, ngazi ilihamishwa. Mwisho uvumilivu ukamwisha.

"Jamani, si taa. Ni macho. Nipelekeni."

Mwanawe akamshika bega kwa upendo, maana upendo hakuukosa, laana ni hiyo. "Usiwe na haraka, mama. Zikiwaka zote utatunga uzi kwenye sindano."

Zikawashwa zote. Mkwe akajikinga macho kwa kiganja. "Hapa hata jua likija kutusalimia litavaa miwani," fundi akasema, na wakacheka.

Bibi Vifungo hakucheka. Mwanga ule uliupiga ukungu wake ukageuka ukuta mweupe. Siku zote hizo alikuwa akimtambua mwanawe kwa kivuli: bega moja limeshuka, kama la marehemu baba yake. Kwa kivuli alijua nani ameingia, nani ametoka, amgeukie nani akitaka kusema. Akakitafuta kulia, akakitafuta kushoto. Akanyoosha mkono, ukashika hewa.

"Haya mama, sasa je?"

"Mwanzo nilikuwa nakuona kivuli," alisema taratibu, akiielekea sauti. "Sasa hata hicho mmekifuta."

Mwanawe aliinua kichwa akakagua dari muda mrefu, kutoka ukuta hadi ukuta.

"Fundi," akasema, "hebu rudisha ngazi pale konani."

Na wewe usitikise kichwa ukadhani umemaliza. Mzee wako yuko chumba cha pili, anapapasa ukuta kutafuta mlango, nawe unamsikia. Weka chini hiki unachosoma. Inuka, umshike mkono, utoke naye sasa hivi.