Msihame Dishi Kabla ya Kutazama Nguzo

Vijana wa duara, yaani shimo la wachimbaji wadogo wa dhahabu, walisema wamesikia mwanamke akihubiri Kijaluo juu ya vichwa vyao. Walikuwa chini shimoni na tochi zao, wanafuata mwamba wa dhahabu, wakasikia sauti ya mwanamke inamwita Ruoth Nyasaye, yaani Bwana Mungu, na baada yake kwaya ikapokea. Wakakimbilia kamba. Mmoja aliacha ndala huko huko. Agustina, anayewauzia chai pale mashimoni, alinisimulia huku anacheka mpaka anajifuta machozi kwa kanga.

"Pepo wa kijiji hiki wameokoka," alisema.

Mimi sikucheka. Wakati huo tulikuwa tunakaa upande wa Nyamongo, majirani wote ni Wakurya, na katika kitongoji chetu Kijaluo kilitoka nyumba moja tu. Kilitoka kwangu. Naitwa Dorka, nimezaliwa Shirati, nikaolewa kule na Joram. King'amuzi chetu nilipewa na dada yangu Everlyne anayekaa Migori, ng'ambo ya mpaka. Kwa king'amuzi hicho tulikuwa tunapata chaneli ya mahubiri ya Kijaluo ambayo dishi zinazouzwa Nyamongo hazina. Mchana nilikuwa naifungua kwa sauti kubwa, maana jiko langu lilikuwa nje na nilitaka nisikie nikiwa napika.

"Hilo duara liko wapi?" nilimuuliza Agustina.

"Watu wa duara hawasemi walipo, mama Gladys. Wakisema si watavamiwa?"

Duara nililolijua mimi lilikuwa mbali, ng'ambo ya mashamba ya mahindi. Televisheni yangu ina sauti, lakini haina sauti hiyo. Uvumi mwingine mtu anausikia anauacha sokoni. Huu nilirudi nao nyumbani, nikasonga nao ugali, na watoto walipolala nilisimama mlangoni kwao nikatazama sakafu.

Wakati huo huo ndipo televisheni ilipoanza kutusumbua. Mhubiri anafungua mdomo, picha inaganda, mdomo unabaki wazi, halafu yanatokea maandishi kwamba hakuna mawimbi. Tulimwita fundi Selestine kutoka Tarime, akaja na bodaboda, akalisogeza dishi kidogo tu, picha ikarudi. Kabla hajasahau njia ya kwetu tukamwita tena. Akalisogeza, ikarudi, ikakata.

Hapo akaingia Mwikwabe.

Mwikwabe ni mdogo wake Joram. Kati ya uwanja wake na wetu kuna ua wa minyaa tu, na upande wake alikuwa amejenga banda la mabati akasema ni la kuku. Jogoo wa banda lile sikuwahi kumsikia. Alikuja jioni moja, akakaa kwenye kiti cha mume wangu, akatazama skrini iliyoganda.

"Shemeji, hili dishi lako la Kenya limekufa. Lizike, uhamie la wenzako."

"Halijafa. Linakata."

"Mgonjwa anayekata roho kila siku utamwita mzima?" Akamgeukia Joram. "Kaka, watu wote wamehamia lile jipya. Mpira wote upo. Wewe unakaa hapa unasikiliza Wajaluo wanalia."

"Wanaomba," nikasema.

"Kwa kelele hizo? Mungu wao ni kiziwi?"

Joram alicheka. Mume akicheka na ndugu yake juu ya watu wa kwenu, unajua humo ndani uko peke yako.

"Na hilo jipya atalipa nani?" nikauliza.

"Mimi."

Tangu niolewe, Mwikwabe hajawahi kuleta hata kibiriti katika nyumba ile. Akija anakula, akishiba anasema mboga ilikuwa na chumvi nyingi. Leo ananinunulia dishi. Nikawaza, mtu akikuletea usichomwomba, tazama anachotaka kukuondolea. Picha? Picha ilikuwa imeshaondoka yenyewe. Kitu nilichokuwa nacho mimi na majirani hawana kilikuwa ile sauti ya Kijaluo. Ikinyamaza, vijana kule chini watasikia mpira, na mpira uko kila nyumba. Hakuna atakayeweza kusema wako chini ya nani.

Nilimwambia Joram tukiwa wawili. Nilimwambia kwa upole, nikapanga maneno.

"Baba Gladys, watoto wanalala kile chumba cha pembeni, karibu na nguzo ya dishi. Na kama kuna watu chini yao, wanaoingilia lile banda la kuku?"

"Unataka kusema mdogo wangu anachimba chini ya watoto wangu."

"Nauliza tu."

"Unauliza kama watu wa kwenu. Ndivyo mnavyotuona sisi." Akavaa koti akatoka.

Kuanzia siku hiyo tukawa tunaongea kwa kumpitia Gladys. Mwambie mama yako alete chumvi. Mwambie baba yako chumvi iko mbele yake. Mtoto anatutazama kama watu waliopotea.

Sasa kuna jambo la kamba. Kamba yangu ya kuanikia nguo nilikuwa nimeifunga kutoka nguzo ya dishi mpaka ukuta wa jikoni. Siku ya kufua nilikuta mashuka yanaburutika kwenye vumbi. Nikamwambia Gladys aliyeilegeza aikaze.

"Mama, sijaigusa."

Nikaikaza mwenyewe, kwa fundo ambalo hata ng'ombe hafungui. Siku nyingine ya kufua, mashuka chini tena. Nikatulia. Nilisimama kwenye mlango wa jiko nikalinganisha nguzo na pembe ya nyumba. Nguzo ilikuwa inakuja jikoni. Ilikuwa imeinama kama mlevi anayetafuta ukuta, na zege lake limenyanyuka upande mmoja.

Nikamwita Joram, safari hii sikumtuma mtoto. Akatazama.

"Ng'ombe amejikuna hapo."

"Ng'ombe gani? Zizi liko kule."

"Basi ni upepo. Ndiyo maana tunahama. Kesho fundi anakuja, na sitaki maneno."

Fundi Selestine alikuja na dishi jipya kwenye boksi, Mwikwabe yuko nyuma yake kama bwana harusi. Mimi nilikuwa nimeshakaa chini, mgongo kwenye nguzo, ungo wa mchele mapajani, napeta.

"Hamfungui kitu hapa," nikasema.

"Kaka," Mwikwabe akasema, "mkeo analalia dishi kama kuku. Tungoje vifaranga?"

"Kuku ni wako, shemeji. Wa kwako hata kuwika hawawiki."

Akaacha kucheka. Joram akaniambia niinuke nisimtie aibu. Selestine alikuwa katikati, hajui aweke boksi wapi.

"Mama, mimi nimeitwa kazi," akasema. Akaishika nguzo, akaitikisa, akachungulia chini. "Lakini nguzo hii imelala. Dishi lolote mtakalofunga hapa litakata, liwe hili au lile. Ni lazima ing'olewe isimikwe upya."

Nikainuka. "Ing'oe, mwanangu."

"Hapana," Mwikwabe akasema. Alilisema haraka mno. "Funga kwenye paa. Achana na nguzo."

"Kwa nini, shemeji? Nguzo imekukosea nini?"

"Anayelipa ni mimi. Nimesema paa."

Selestine akamtazama Joram, maana nyumba ni ya Joram. Na Joram, sijui kama alikuwa amechoka na mimi au amechoka na wote, alisema, "Ing'oe, tumalize."

Selestine akachukua mtaimbo, akaanza kuchimbua kando ya zege. Pigo la kwanza lilitoa mlio wa udongo. Pigo la pili likalia kama debe tupu. Mwikwabe akasema, "Inatosha, inatosha," lakini mkono wa fundi ulikuwa umeshashuka. Mtaimbo ukaingia wote. Ulimponyoka mikononi ukaenda, na pale ulipopita pakabaki tundu jeusi, upana wake kama kikombe.

Tukasimama. Vumbi likatoka tunduni taratibu kama moshi wa bomba la mzee. Halafu chini ya miguu yetu mtu akakohoa, na sauti ikasema, kwa hasira kabisa:

"Mura, nani anatutupia vyuma?"

Mura ni neno la Kikurya la kumwita kijana mwenzako. Joram alilielewa, Mwikwabe alilielewa, na hata mimi Mjaluo nililielewa.

Selestine alikusanya koleo zake, akapanda bodaboda. Mtaimbo hakuuliza.

Mimi nilikuwa namtazama mume wangu. Niseme kweli, nilikuwa nangoja amkamate mdogo wake shingo. Nilikuwa tayari hata kuwaamua wasiumizane. Joram akapiga magoti, akainamisha sikio kwenye tundu, akasikiliza. Alipoinuka akamuuliza Mwikwabe kitu kimoja.

"Mwamba unatoa dhahabu?"

"Unatoa," Mwikwabe akasema. "Unapanda juu, ndiyo maana tumekaribia hivi. Kaka, nilitaka nikuambie tukishafika penyewe."

"Unaelekea wapi?"

Mwikwabe alielekeza kwa kidevu. Alielekeza chumba cha watoto.

"Mmeweka matimba?" Matimba ni magogo ya kuzuia shimo lisishuke.

"Yapo. Siyo mengi."

"Ongezeni," Joram akasema.

Neno lile ndilo lililonitoa. Sikulia wala sikubishana. Niliingia chumbani kwa watoto nikakunja godoro, nikamwambia Gladys ashike mkono wa mdogo wake Nashoni na wasikanyage uwani, wapite barazani. King'amuzi nikakitia kwenye kapu pamoja na nguo.

"Unakwenda wapi?" Joram akauliza.

"Kwa Everlyne."

"Watoto hao ni wa ukoo huu."

"Ukoo ndio uko chini ya kitanda chao unachimba."

Mwikwabe akasimama mlangoni. "Shemeji, ukienda na maneno haya, njia ya kurudi usahau."

"Nipishe. Hapo uliposimama hujui kama chini pana udongo."

Akatazama miguu yake. Akapisha.

Tulilala kwa Agustina, tukaamkia gari la Sirari, mpakani. Kabla ya kuondoka nilisema kila mahali nilipoweza. Nilisema kanisani, nilisema dukani, nilimwambia na mwenyekiti wa kitongoji mbele ya mkewe. Shikamoo zangu walizipokea. Nilipomaliza kueleza, mmoja mmoja waliniuliza swali lile lile la mume wangu, kama unatoa. Wengine walitaka nielekeze ni upande gani wa nyumba.

Mvua za masika zilipokolea, Agustina alinipigia simu. Pembe ya nyumba ilikuwa imeshuka asubuhi, chumba cha watoto chote, ukuta na dirisha, mpaka pale kilipokuwa kitanda. Chini hapakuwa na mtu kwa sababu ya maji. Joram alikuwa sebuleni, akatoka mbio. Dishi jipya, lile walilofunga juu ya paa nilipoondoka, lilikuwa linaning'inia kwa waya wake juu ya shimo.

Joram naye alipiga. Hakuuliza watoto wamekula nini.

"Umeilaani nyumba yangu," akasema.

"Watoto ningewaacha pale pale?"

Akakata. Mpaka leo anakaa kwa Mwikwabe, na ndugu zake wanasema mimi ndiye niliyeleta fundi na mtaimbo. Waseme. Gladys yuko hapa Migori anaosha vyombo, Nashoni anamwudhi, nawasikia wote wawili.

Ninyi mnaokaa karibu na maduara, na hasa kina mama, haya ndiyo ya kuepuka:

Usihame dishi kwa sababu picha inakata. Tazama kwanza nguzo, kama imesimama.

Usimgombeze mtoto kwa kamba ya nguo iliyolegea kabla hujapima mwenyewe.

Usipokee dishi, wala kitu chochote, kutoka kwa shemeji ambaye hajawahi kukuletea kibiriti.

Usiamini banda la kuku ambalo halina mavi ya kuku.

Usizime chaneli yako kwa sababu watu wanaicheka.

Usikubali fundi afunge kwenye paa kama nguzo ipo na mtu anakataza isiguswe.

Usingoje mwanaume aliyeuliza kwanza kama mwamba unatoa. Hatauliza la pili.

Usimlaze mtoto juu ya ardhi inayolia kama debe.