Kisanduku cha Kumi na Moja

Jumatatu saa moja na nusu asubuhi, mwandishi wa safu ya kustaafu na kodi alikuwa jikoni akisubiri maji yachemke, mlango ulipogongwa mara mbili. Nje alisimama msichana wa miaka ishirini hivi, amevaa sketi ya kijivu iliyopigwa pasi vizuri na viatu vilivyobadilishwa soli.

"Shikamoo," alisema. "Nasaini wapi?"

"Marahaba. Unasaini nini?"

"Mahudhurio. Mimi ni mwaka wa kwanza wa kazi wa mama mmoja mpiga chapa wa idara ya ardhi. Nimekatwa wiki iliyopita. Nimeelekezwa kwako."

Mwandishi alizima jiko akamletea daftari. Msichana akaandika saa aliyofika, akaketi karibu na dirisha, akaweka mikono magotini kama mtu anayengoja kupangiwa kazi. Chai hakutaka. Jioni hakuondoka.

Mwandishi alikuwa ameandika safu hiyo kwa miaka ishirini na miwili, wiki hii kustaafu, wiki ijayo kodi. Mambo hayo hakuyasomea chuoni. Alijifunza mwenyewe kwa kuzisoma fomu moja moja mpaka zikamzoea. Wasomaji walimwita Shangazi, na walikuwa na mtindo wao: waliikata safu kwa mkasi, wakaibana kwa pini juu ya fomu, wakaipeleka kaunta hivyo hivyo. Makarani nao walishazoea. Fomu isiyo na kipande cha gazeti waliigeuza mara mbili mbili kabla ya kuipokea.

Wiki sita kabla ya Jumatatu hiyo aliandika kuhusu kisanduku cha kumi na moja, kinachouliza tarehe ya kuanza kazi. Watu walikuwa wanamuuliza kama ni tarehe ya siku ya kwanza au tarehe ya barua ya kuthibitishwa, maana wengi walifanya kazi miaka miwili, mitatu, hata mitano kama vibarua kabla ya kuiona barua. Alimpigia simu msemaji wa ofisi ya pensheni. Msemaji akasema ni tarehe ya barua. Mwandishi akamsomea jibu hilo mara tatu, kama ilivyokuwa kawaida yake, na mara zote tatu msemaji akasema, "Hapo hapo, Shangazi." Gazeti likatoka.

Sheria ilisema siku ya kwanza. Msemaji hakuwa ameisoma. Mwandishi alikuwa nayo kabatini, na wiki ile, kwa kuwa siku zilikuwa zimembana, hakuifungua.

Kufikia Jumatano walikuwa wanane. Ijumaa walikuwa ishirini na watatu. Kulikuwa na miaka miwili ya dereva mmoja, inafanana kama mapacha, ila mmoja ameshaota masharubu. Kulikuwa na miaka mitatu ya mpishi wa hospitali, na mwaka mmoja wa mlinzi wa maktaba ambao ulikohoa mfululizo. Wote walikuwa vijana, kwa sababu iliyokatwa ilikuwa miaka ya mwanzo. Walifika saa moja na nusu, wakasalimia, wakasaini, wakakaa. Saa kumi walitazama saa ya ukutani, lakini hakuna aliyeinuka, kwa kuwa hakuna aliyewaambia kazi imekwisha. Hawakumlaumu kwa lolote. Hilo ndilo lililomfanya mwandishi aanze kufunga mlango wa chumba chake kwa ufunguo.

Mtu wa kodi kutoka mamlaka ya mapato alipita, akawahesabu, akauliza kama wanalipa pango. Mwandishi akasema hawalipi. Akauliza kama wana kipato. Mwandishi akasema kipato chao ndicho kilichowaleta. Mtu wa kodi akaandika "wageni" na kwenda zake.

Siku hiyo hiyo mwandishi alimpigia simu yule mama mpiga chapa amwambie kwamba mwaka wake uko salama.

"Mwaka gani, mwanangu?" mama aliuliza. "Mimi nilianza kazi nikiwa na ishirini na mmoja."

"Ulianza na ishirini. Ndio mwaka uliokatwa."

"Labda. Huyu mzee hapa nyumbani ananiambia tulioana mwaka huo. Picha ananionyesha, na kweli ni mimi. Sina ubishi naye. Namwitikia tu, asije akaumia."

Mwandishi aliweka simu chini, akamtazama yule msichana wa dirishani. Msichana alikuwa akizungusha pete mpya kidoleni. Ndipo mwandishi alipokumbuka kwamba kaka yake anastaafu mwezi huo.

Kaka yake alikuwa fundi wa pampu za maji. Alianza akiwa na miaka kumi na tisa na akafanya kibarua miaka minne kabla ya barua. Mama yao alikuwa amefariki mwaka huo kaka alipoanza kazi, mwandishi akiwa na miaka mitano. Ile miaka minne ndiyo aliyomlea peke yake, katika chumba kimoja nyuma ya nyumba ya pampu, mpaka alipooa na wifi akashika nafasi.

Alimpigia hapo hapo.

"Kaka, fomu umepeleka?"

"Jana, Kadogo. Na gazeti lako nimelibana juu. Karani ananiuliza, mzee, Shangazi unamjua? Nikamwambia namjua, nimemfuta kamasi mimi." Akacheka. "Mbona unahema hivyo? Umepanda ngazi?"

"Nimepanda ngazi," alisema mwandishi.

Jumatatu asubuhi alikuwa wa kwanza kwenye foleni ya ofisi ya pensheni. Msemaji alimpokea vizuri, akamtafutia kiti, akatafuta na miwani yake kwa muda mrefu.

"Nataka fomu moja irudishwe," mwandishi alisema. "Haijagongwa muhuri."

"Itagongwa. Zinachukua siku kumi."

"Tulikosea, mimi na wewe. Sheria ni hii hapa."

Msemaji akaisoma yote, kwa utulivu. "Ni kweli," alisema. "Lakini fomu ikishapokelewa ni mali ya ofisi. Na sisi hatukumlazimisha mtu, Shangazi. Kila mmoja amejaza mwenyewe, amesaini mwenyewe. Tena kwa maelekezo yako."

Nyuma ya ukuta wa mbao muhuri ulikuwa ukigonga, taratibu, bila kupumzika. Mwandishi alijikuta akiuhesabu. Alipofika arobaini alitoka nje na kushika ukuta.

Mhariri wake alimsikiliza huku akila karanga. "Gazeti likianza kuomba radhi litaacha lini?" alisema. "Na ukurasa wa nane wote ni tangazo la hao wa pensheni. Nitakupa mistari miwili chini ya chemshabongo."

Mistari miwili ilitoka, midogo sana. Aliyeiona ni mtu mmoja, naye aliandika barua kulalamika kwamba chemshabongo imepunguzwa.

Akazingoja zile siku kumi. Mwandishi alimpigia kaka yake kila jioni na kumuuliza mambo ya ile miaka minne, na kaka akamjibu, akishangaa kidogo umbea huo umetoka wapi. Kila asubuhi saa moja na nusu mlango ulipogongwa, hakuufungua kwanza. Alipiga magoti na kuchungulia uwazi wa chini, aone viatu. Akiona raba, au viatu vya ngozi, au kandambili, alivuta pumzi na kufungua. Alikuwa anaogopa mabuti meusi ya mpira, ya watu wa pampu.

Siku ya kumi na moja, Alhamisi, aliona jozi nne.

Alibaki pale sakafuni mpaka walipogonga tena. Kisha akafungua. Walikuwa wanne, wa miaka kumi na tisa, ishirini, ishirini na mmoja na ishirini na miwili, mikono ina grisi mpaka viwikoni. Mwandishi alikuwa na miaka hamsini na moja.

"Shikamoo, kaka," alisema.

"Marahaba," wakajibu wote wanne, bila kusita. Wakasaini. Yule mdogo akatazama huku na huku, akamuuliza kwa upole kama kuna mtoto wa kike amepita hapo, ametoka shule, kibegi chake kimekatika mkanda.

Jumapili kaka mwenyewe alikuja. Vijana wanne walisimama kumpisha kiti, wakaketi mkekani. Akawashukuru.

"Vijana wako wana adabu," alisema. Kisha akaweka kofia gotini. "Kadogo, nimekuja na neno. Mama alipozikwa ulikuwa na miaka mitano. Nakumbuka, koleo nilishika mwenyewe. Halafu nakukumbuka una miaka tisa, unamsomea wifi yako gazeti kwa sauti. Hapo katikati sikuoni. Sijui nilikuwa wapi."

"Ulikuwa na mimi, kaka. Ulinilea."

"Usinifiche."

"Kitanda kilikuwa kimoja, ulinipa mimi. Wewe ulilala chini, juu ya magunia. Ulijifunza kusuka kwa kamba ya katani, ili nisiende shule na nywele timutimu."

Kaka alisikiliza kama mtu anayesikiliza habari za jirani mwema. Pale mkekani, yule wa miaka ishirini na miwili aliitikia kila neno kwa kichwa.

"Unanisitiri," alisema kaka. "Una moyo mzuri. Lakini mtu aliyelea mtoto miaka minne hasahau. Mimi nilikutupa, Kadogo, na nimekuja kukuomba radhi."

Mwandishi alimwambia hakuna cha kusamehe, na kaka akalia. Tangu hapo huja kila Jumapili na neno lile lile. Ofisi imechapisha fomu mpya, zenye karatasi nzuri zaidi, na mwandishi ameandika mara tatu kwamba kisanduku cha kumi na moja ni tarehe ya siku ya kwanza. Makarani hukata tarehe hiyo kwa kalamu nyekundu na kuweka ya barua. Nyumba imejaa mpaka varandani. Mwandishi amejifunza kwamba kaka yake hagusi chai mpaka aambiwe neno moja, na mzee wa umri wake hafai kushinda na njaa.

"Nimekusamehe, kaka," alimwambia Jumapili iliyopita.

Kaka akashusha pumzi, akavuta kikombe. Mkekani, yule wa miaka kumi na tisa aliinua uso, akauliza kwa sauti ya chini amekosa nini.